Gari Likichemsha, Uliza Maji Yamekwenda Wapi

Ukipanda kutoka Rongo kuelekea Kisii adhuhuri ya jua kali, hutakosa kuona Probox au matatu iliyoegeshwa kando, boneti juu, dereva ameshika mtungi wa lita 5 akingoja mvuke upungue. Magari mengi ya Migori na Homa Bay yalitoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kadhaa, na huku yameongezewa miaka mingine ya vumbi la Nyatike, magunia ya omena na milima. Wenye magari hayo wameuzoea mtungi kiasi kwamba hauachwi nyumbani, sawa na jeki na tairi la akiba.

Kubeba maji si kosa. Kosa ni kuyafanya tiba. Njia ya maji ya injini imefungwa: gari lililo sawa halidai maji kila asubuhi. Likidai, kuna mahali yanatoka au kuna kitu kinachoyachemsha, na ni juu ya mwenye gari kupajua mahali hapo mapema, kabla hedi, kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda, haijapinda. Habari njema ni kwamba sababu nyingi za gari kuchemsha ni za bei nafuu na unaweza kuzikagua mwenyewe uani. Kanuni ya makala haya ni moja: anza na cha senti chache, maliza na cha maelfu, na usimruhusu mtu afungue hedi kabla hujapita hatua zilizotangulia.

Joto linavyotolewa

Petroli au dizeli ikiungua, sehemu ndogo tu ya nguvu yake ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Takriban theluthi hutoka na moshi kupitia egzosi, na nyingine inayokaribia hapo hubaki kwenye chuma cha injini. Hiyo ndiyo inayobebwa na maji. Pampu huyasukuma yazunguke silinda na kupita kwenye hedi, kisha yanaingia rejeta, upepo unayapoza, nayo yanarudi kazini. Thamostati ni vali inayofunga njia ya rejeta injini ikiwa baridi na kuifungua injini ikishika moto. Katika injini nyingi za Toyota huanza kufunguka karibu nyuzi 82 za Selsiasi na kufunguka kabisa karibu nyuzi 95.

Kinachodharauliwa kuliko vyote ni kifuniko cha rejeta. Wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasirukeruke. Ndani yake mna springi na mpira vinavyobana shinikizo, na juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Namba hiyo ina maana kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Mombasa. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na huko yanachemka karibu nyuzi 94.

Sasa linganisha na thamostati. Kifuniko kikiwa kizima, shinikizo lake hupandisha kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110, na injini inafanya kazi kwa raha. Kikiwa kimechoka, maji yatachemka kwenye mlima wa Kisii huku injini ikiwa katika joto lake la kawaida kabisa. Ndiyo maana gari linaweza kuzunguka Mbita na Kendu Bay mwaka mzima bila kisa, kisha lichemshe siku ya kwanza linapopandishwa Kisii na abiria watano. Mwenyewe ataambiwa injini imekufa, kumbe ni mpira wa kifuniko uliopasuka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya fundi yeyote: injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, tazama mpira wake. Ukiwa mgumu, umepasuka au umeacha alama ya kina, nunua kipya chenye namba ileile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu. Shinikizo lililozidi hupasua mipira ya kupitishia maji na tangi la plastiki la rejeta.

Likikuchemkia barabarani

Gari hutoa ishara kabla ya mvuke. Mshale wa joto huanza kupita katikati, eyakondishena hupunguza ubaridi, nguvu hupungua mlimani, pengine unasikia injini ikigonga unapokanyaga mafuta. Baadhi ya magari madogo ya Japani, kama Vitz, hayana mshale: yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu joto likizidi. Taa nyekundu haimaanishi "fika kituo kinachofuata". Inamaanisha simama.

Jihadhari pia na mshale unaoshuka ghafla baada ya kupanda sana. Sensa ya joto imetengenezwa kupima maji. Maji yakiisha kabisa, inabaki kwenye mvuke au hewa na inaweza kuonyesha kwamba mambo yametulia. Injini nyingi zimeunguzwa na dereva aliyeshukuru Mungu mshale ulipoteremka.

Fuata mpangilio huu:

1. Zima eyakondishena. Kama mshale umeanza tu kupanda na hakuna mvuke, washa hita kwa joto la juu na feni yake hadi mwisho, fungua vioo, punguza mwendo. Hita ina rejeta yake ndogo na itapunguza joto kiasi. Abiria watalalamika, lakini watafika.

2. Ukiona mvuke, taa nyekundu au maji yakimwagika, toka barabarani mahali tambarare, washa taa za hatari, weka pembetatu ya tahadhari, zima injini mara moja.

3. Fungua boneti, lakini usiguse kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa kwa shinikizo hugeuka mvuke papo hapo unapokifungua, na yakiruka yanafika usoni na kifuani. Ngoja nusu saa au zaidi. Waondoe watoto na wanaokuja kutazama. Weka mikono mbali na feni: ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

4. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa kinene. Ukiwa mgumu, shinikizo lingalipo. Ukiwa laini, funika kifuniko kwa kitambaa, kizungushe hadi kituo cha kwanza, acha pumzi itoke, kisha kimalizie.

5. Usimwagie injini maji kwa nje, wala usitie maji baridi ndani ingali moto. Hedi nyingi za magari haya ni za aluminiamu, na aluminiamu ikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Injini ikishapoa, tia maji polepole, kisha iwashe na uendelee kuongeza kidogo kidogo inapoyavuta.

6. Kumbuka kiasi ulichotia. Huu ni ushahidi ambao fundi hataupata tena. Lita 3 zina maana kuna mahali pamefunguka. Kikombe kimoja kina maana maji yalikuwamo yote, ila hayakupozwa.

7. Acha injini ingurume dakika 10 ukitazama chini na kwenye mipira. Maji yakikaa na mshale ukitulia, endesha taratibu hadi mji wa karibu, ukisimama kukagua. Yakiendelea kupungua, tafuta gari la kukokota. Gari la otomatiki linalovuta kwa magurudumu ya mbele lisiburutwe kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu hayo yakigusa chini, maana utaua na gia boksi.

Linachemsha wakati gani?

Fundi mzuri atakuuliza swali hili kabla ya kushika spana. Ukiwa na jibu, nusu ya kazi imekwisha.

*Linachemsha likisimama, mshale unashuka likikimbia.* Hapa mshukiwa ni feni. Ukiwa kwenye foleni ya mpakani Isebania au unasukumana na bodaboda mjini Migori, hakuna upepo isipokuwa wa feni. Injini ikiwa imepata moto, washa eyakondishena: katika magari mengi ya Kijapani feni inapaswa kuanza. Isipoanza, kagua fyuzi, kisha badilishana rilei yake na nyingine inayofanana nayo kwenye kisanduku, kisha soketi, na mwisho mota. Katika matatu na malori ya dizeli, feni huzungushwa na injini kupitia kiungo chenye mafuta mazito ndani. Zima injini iliyopata moto, kisha izungushe feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi mizunguko mingi bila ukinzani, kiungo hicho kimechoka. Tazama pia mkanda kama umelegea au umekwaruzika.

*Linachemsha likipanda mlima au likibeba mzigo, likisimama linatulia.* Feni si mshukiwa wa kwanza. Ama rejeta imeziba, ama maji hayazunguki ya kutosha. Anza na nje ya rejeta. Wadudu wa ziwani wanaotanda jioni kando ya Homa Bay na Mbita, makapi ya miwa yanayopeperuka barabara ya Awendo, nyasi na udongo mweusi wa mfinyanzi, vyote hujipachika kati ya vijibati vyembamba vya rejeta. Mara nyingi uchafu umenaswa katikati ya rejeta ya maji na ile ya eyakondishena iliyo mbele yake, mahali ambapo ukitazama kwa mbele huoni kitu. Rusha maji ya bomba kwa nguvu ya wastani kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza vijibati hivyo, na ukishavilaza umeiziba rejeta kwa mkono wako.

Nje ikiwa safi, gusa mipira. Mpira wa chini ukijikunja na kubana unapopandisha mzunguko wa injini, umechoka na unazuia maji. Rejeta ikiwa na sehemu zenye moto na sehemu zenye ubaridi injini ikiwa imepata joto lake, mirija ya ndani imeziba kwa kutu na magadi. Zima injini kabla ya kuipapasa.

*Linachemsha dakika chache tu baada ya kuliwasha.* Fikiria thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa, hewa iliyonaswa ndani baada ya maji kubadilishwa, au gasketi ya hedi. Mpira mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi kabisa, thamostati ndiyo ya kwanza kutolewa.

*Maji yanapungua, gari halichemshi, na chini hapana tone.* Huyu ndiye adui mpole, na anastahili sehemu yake.

Kuyafuata maji

Usiku tandaza katoni kubwa chini ya injini. Asubuhi soma alama: maji ya rejeta huacha doa la rangi ya kulanti (kimiminika kinachochanganywa na maji ya rejeta) au ya kutu, tofauti na maji safi ya eyakondishena na weusi wa oili. Doa likiwa upande wa mkanda, tazama pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili ikichoka maji yaonekane nje. Ukiona mchirizi chini ya kitundu hicho, au pampu inalia, usijaribu kukiziba. Badilisha pampu.

Kisha chukua tochi utafute ukoko, maana maji moto hukauka kabla ya kudondoka na kuacha chumvi nyuma. Kagua ncha za mipira chini ya klampu, mipira midogo ya hita iliyo nyuma ya injini, na vizibo vya chuma ubavuni mwa bloku, ambavyo huliwa na kutu kwa ndani. Kagua hasa ukingo ambapo tangi la plastiki la rejeta limebanwa kwenye aluminiamu. Plastiki hiyo hugeuka kutoka nyeusi hadi kahawia kadiri inavyozeeka, na ikifika hapo inapasuka ufa mwembamba unaofunguka kwa joto tu. Rejeta za zamani za shaba fundi wa jua kali anaweza kuzifungua, kuzipitisha waya na kuzichomelea kwa risasi. Za plastiki hazichomelewi, na gundi hununua siku chache tu za kutafuta nyingine.

Zulia la mbele likiwa na unyevu wenye harufu tamu, au kioo kikipata ukungu wa mafuta ukiwasha hita, inayovuja ni rejeta ndogo ya hita.

Usipoona kitu, mwambie fundi apime kwa pampu ya shinikizo. Hufungwa mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi, na kupandishwa hadi namba ya kifuniko chako. Mshale wake ukikaa dakika 10, hakuna kinachovuja injini ikiwa baridi. Ukishuka na nje ni kukavu, maji yanaingia ndani ya injini.

"Hii tuitoe tu, bosi"

Katika gereji nyingi za kwetu utaambiwa nchi hii ni ya joto, thamostati ni ya Wazungu wenye theluji, itolewe itupwe. Ushauri huo ni wa nia njema na ni mbaya. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto ambalo oili hulainika, mafuta huungua yote na vyuma huachana kwa nafasi iliyokusudiwa. Bila hiyo, asubuhi za baridi za Kuria na Kisii injini hukimbia kilomita nyingi ikiwa haijapata joto: mafuta yanaliwa zaidi, oili inashika tope, pete za pistoni zinalika.

Kuna hasara nyingine isiyojulikana sana. Katika baadhi ya injini, thamostati ikifunguka kwa upande wa rejeta hufunga wakati huohuo njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Hapo gari uliloondolea thamostati ili lisichemshe litachemsha vibaya zaidi mlimani.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiyotumika kwa chakula, isiguse chini, na upashe moto pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochapwa juu yake. Ukikosa kipimajoto, maji yakifika kuchemka huku kwetu ni nyuzi 94 hadi 96, na thamostati ya nyuzi 82 inapaswa kuwa wazi karibu yote. Ikibaki imefungwa, au ikifunguka upenyo tu, nunua mpya. Unapoirudisha, springi ielekee injini, na kile kijipini kinachocheza kielekee juu ili hewa ipate pa kutokea.

Maji gani yatiwe

Maji ya kisima na ya chemchemi katika sehemu nyingi za kaunti hizi mbili yamebeba madini. Ukiona birika lako nyumbani linashika ukoko mweupe, ukoko uleule utashika ndani ya rejeta, na ukoko huzuia joto lisitoke. Maji ya Ziwa Simbi karibu na Kendu Bay ni ya magadi, na ya chemchemi za moto za Homa Hills yamejaa madini; hayafai hata kwa dharura ikiwa kuna mengine. Maji ya ziwa kuu au ya mto Kuja yatakutoa barabarani, lakini huja na mchanga na majani. Yachuje kwa kitambaa, na ukifika nyumbani yamwage yote.

Yaliyo bora zaidi kati ya yale ya bure ni ya mvua, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza. Ukinunua maji yaliyokenekwa, soma chupa vizuri: dukani "maji ya betri" huweza kuwa maji safi au asidi, na asidi ndani ya rejeta ni msiba.

Maji peke yake hayatoshi. Wengi huacha kulanti wakidhani ni dawa ya kuzuia barafu. Kwetu faida yake ni nyingine: huzuia kutu, hulinda aluminiamu, hutunza sili ya pampu, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kwa nusu. Fuata aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, maana rangi pekee si kipimo, na usichanganye aina mbili. Iliyouzwa ikiwa imeshachanganywa isiongezwe maji.

Kulanti nyingi zina glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu. Mbwa, mbuzi na mtoto mdogo wote wanaweza kuilamba. Usiiache kwenye beseni uani wala usiimwage kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Ikusanye kwenye mtungi uliofungwa na kuandikwa.

Kusafisha mfumo, fanya injini ikiwa baridi. Fungua kizibo cha chini cha rejeta, mwaga, funga, jaza maji safi, washa hita, acha injini ifike joto lake kwa dakika 15 hivi, zima, ngoja ipoe, mwaga tena. Rudia hadi yatoke meupe. Kisha jaza kulanti polepole, pua ya gari ikiwa imeelekea mlimani kidogo. Acha injini ingurume bila kifuniko huku ukiminya mipira, mpaka mapovu yaishe na feni iwake mara moja au mbili. Jaza kikopo cha akiba ya maji ya rejeta hadi kati ya alama zake mbili, funga, na kesho yake asubuhi kagua tena. Hewa iliyosalia huchemsha gari ambalo halina ugonjwa wowote.

Kabla hedi haijafunguliwa

Gasketi ya hedi hutenganisha maji, oili na moto wa silinda. Gari likichemshwa mara nyingi, hedi hupinda na gasketi huachia. Ni kazi ya gharama, na wengine hulipishwa kabla haijathibitishwa. Dai uonyeshwe dalili zaidi ya moja kati ya hizi:

- Injini baridi ikiwashwa bila kifuniko, mapovu yanatoka mfululizo kwenye maji na kuongezeka ukikanyaga mafuta.
- Mpira wa juu unakuwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto.
- Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unaendelea hata injini ikiwa moto. Mvuke kidogo asubuhi ya baridi ni kawaida.
- Kijiti cha oili kinatoka na rangi ya chai ya maziwa. Uji mwembamba chini ya kizibo cha oili pekee si ushahidi kwa gari la safari fupi.
- Dawa ya buluu ya kupimia gesi, ikiwekwa mdomoni mwa rejeta, inageuka njano.
- Kipimo cha kompreshani kinaonyesha silinda mbili zilizo jirani zimeshuka.

Ikithibitika, makubaliano na fundi yawe wazi kabla hajaanza. Hedi ipelekwe kwa wenye mashine, ipimwe kama imepinda au imepasuka, na ichongwe kama kuna haja. Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kununua kazi hiyohiyo mara ya pili. Bolti zikiwa za aina inayovutika, ziwe mpya. Zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio wa kitabu, na si kwa nguvu za bega. Oili na filta zibadilishwe. Zaidi ya yote, kilichosababisha kuchemsha kirekebishwe siku hiyohiyo. Gasketi haiungui bila mwanzilishi: ukiacha feni ileile mbovu au rejeta ileile iliyoziba, utarudi.

Kuhusu bizari, ute wa yai na dawa za chupa za kuzibia: zinaweza kuziba kitundu kidogo cha rejeta ili ufike nyumbani, lakini hazichagui. Zitaziba pia mirija ya rejeta na ya hita. Ukizitumia kwa dharura, safisha mfumo wote wakati wa matengenezo.

Kuendesha gari lililozeeka

Kagua maji asubuhi kabla ya kuwasha, mara moja kwa wiki na kabla ya kila safari ndefu. Ukitoka Homa Bay kupitia Rodi Kopany hadi Rongo na kuendelea Kisii, unapanda zaidi ya mita 500. Panda kwa gia ndogo injini ikizunguka kwa wepesi. Kuilazimisha gia kubwa huku ukikanyaga mafuta hadi chini huongeza joto na kupunguza mwendo wa pampu. Ukiwa nyuma ya trekta la miwa, acha nafasi: ukilikaribia, rejeta yako inapokea joto na makapi yake badala ya upepo. Ukifika kileleni na mzigo, acha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

Ukinunua gari la mtumba, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Fungua rejeta mwenyewe likiwa baridi. Maji ya rangi ya kutu, mafuta yanayoelea, kifuniko kipya kwenye rejeta chakavu au thamostati isiyokuwamo ni sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Na kama tayari lako linachemsha, tumia pesa kwa utaratibu huu: kifuniko, klampu na mipira, usafi wa nje ya rejeta, fyuzi na rilei ya feni, thamostati, kulanti mpya, kipimo cha shinikizo, rejeta, pampu, na mwisho kabisa hedi. Andika tarehe, kilomita na kiasi cha maji ulichoongeza kila mara. Daftari hilo likionyesha glasi moja kwa mwezi, una muda wa kupanga. Likionyesha lita moja kwa wiki, usipange safari ya Kisii. Panga siku ya gereji.